UZI: Kichwa cha treni cha kiwanda cha sukari kilichozaliwa 1971 wenzake wakikatwa skrepa, na kengele ya shule yetu huku Lindi

#1 FundiBoila

Wakuu, habari za jioni. Mimi natunza boila kwenye kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara. Kazi yangu ni moto, maji na kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji yaliyobaki ndani ya boila, zamu ya usiku. Korosho zikiisha ghalani mtambo unalala, nami nabaki nalinda chuma baridi nikiwa na simu yenye bando. Ndivyo nilivyopata ugonjwa wa kutazama mashine za watu.

Wiki mbili sasa nimenaswa na kichwa kidogo cha treni ya mvuke kinachoitwa Trangkil Na. 4. Nimekisoma mpaka nikasahau kuchemsha chai, mimi mwenye boila! Nitawasimulia, halafu nina swali la kwetu Kusini kuhusu kengele ya shule niliyosoma. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tushike tarehe kwanza, maana utamu wote uko kwenye tarehe. Shirika la reli la Uingereza lilijenga kichwa chake cha mwisho cha mvuke mwaka 1960, karakana ya Swindon, kikaitwa Evening Star. Agosti 1968 mvuke ukaondolewa kabisa kwenye njia zao kuu. Vichwa vikapangwa foleni kwa wakata chuma, vingine vikiwa bado vizima, havijatimiza hata miaka kumi kazini.

Sasa hesabu miaka mitatu mbele. Mwaka 1971, mjini Leeds, kiwanda cha Hunslet kinafungua mlango na kutoa kichwa kipya cha mvuke, namba ya kiwandani 3902. Rangi mbichi, shaba inang'aa. Kilikuwa cha mwisho cha mvuke kwa Hunslet pale Leeds, na wajuzi wengi wanakihesabu kuwa cha mwisho kujengwa Uingereza kwa ajili ya kazi ya biashara, siyo ya maonyesho. Kikapakiwa melini kwenda Java, Indonesia, kiwanda cha sukari cha Trangkil karibu na mji wa Pati. Kwenda kuvuta miwa.

Naendelea baada ya kuongeza maji.

#2 NangurukuruBoy

Nipo siti ya mbele. Shusha nondo fundi.

#3 SkrepaMjini

Chai. Mwaka 1971 nani ananunua treni ya mvuke? Dizeli zimejaa duniani, mtu aagize birika la magurudumu toka Ulaya? Labda walitapeliwa.

#4 FundiBoila

Mkuu Skrepa, hata mimi nilisema hivyohivyo. Halafu nikakumbuka tunachochoma kazini kwangu, nikanyamaza.

Anza na muwa wenyewe. Sisi wa korosho tumezoea kusubiri. Unaokota, unaanika, unapeleka chama cha msingi, mzigo unakaa ghalani, siku ya mnada bei msipoipenda mnaikataa na mnangoja mnada mwingine. Korosho haikasiriki. Muwa hauna huo uvumilivu. Ukishakatwa, ndani ya siku moja au mbili sukari iliyomo inaanza kupotea. Ni kama tembo la mnazi: asubuhi tamu, jioni kali, kesho siki. Kwa hiyo kiwanda cha sukari lazima kizoe mzigo shambani kila siku msimu mzima, na mzigo wenyewe ni mzito, mwingi wake maji.

Ndiyo sababu viwanda vya sukari vilipenda reli nyembamba. Unatandika njia kuu ya kudumu toka kiwandani, halafu matawi ya muda yanaingia mashambani. Yale matawi ni vipande vilivyokwisha kufungwa na mataruma yake ya chuma kama ngazi. Watu wachache wanakiinua kipande, wanakihamishia konde jingine. Konde likiisha kukatwa, reli nayo inahama. Lori kwenye shamba la miwa lenye tope ungelivuta kwa ng'ombe.

Sasa moto. Ukisaga tani 10 za miwa unabakiwa na takriban tani 3 za makapi mabichi, ambayo wenyewe viwandani wanayaita bagasi. Usipoyachoma yatakujengea mlima uwani. Hapa nchini viwanda vya sukari vya TPC ya Moshi na Kilombero wanayachoma kuzalisha umeme wao. Java waliyachoma kwenye boila za viwanda, na viwanda vingi kule waliyafunga robota wakavilisha na vichwa vya treni. Mimi hilo halinishangazi hata kidogo, kwa sababu boila yangu inakula maganda ya korosho. Mtu mwenye moto wa bure hababaishwi na dizeli.

Na kuna la tatu ambalo wengi hawalioni. Kiwanda cha sukari chenyewe ni boila tupu, mabomba na vavu. Fundi wa kuziba bomba yupo, wa kugonga ribiti yupo, anayejua sauti ya maji yakipungua yupo. Ukimletea dizeli unamletea ugonjwa mpya. Ukimletea kichwa cha mvuke unamletea ndugu mdogo wa mtambo anaoujua.

#5 SkrepaMjini

Hapo kwenye maganda ya korosho nimekuelewa. Naondoa neno chai, kwa muda. Ila kama ni kipya basi kingekuwa cha kisasa. Kilikuwa na nini cha 1971?

#6 FundiBoila

Hapo ndipo utacheka. Hakikuwa na kitu cha 1971 isipokuwa tarehe.

Kulikuwa na kampuni ya Kerr Stuart, mji wa Stoke-on-Trent, ikijenga vichwa vidogo vya mashamba na migodi na kuvisambaza dunia nzima. Ilianguka mwaka 1930. Hunslet wakachukua michoro yake. Miongoni mwake ulikuwemo wa kichwa cha aina iliyoitwa "Brazil", na huo ndio mchoro uliotolewa kabatini kuijenga Trangkil Na. 4. Yaani kampuni iliyochora ilikwisha kufa miaka 41 kabla kichwa hakijazaliwa.

Umbo lake ni hili. Magurudumu manne yameungwa kwa fito za chuma, hayo ndiyo yanavuta. Nyuma kuna mawili madogo, kazi yake kubeba uzito tu. Tangi la maji limeikalia boila kwa juu, limeteremka huku na huku kama matandiko ya punda. Faida yake ni kwamba uzito wa maji unakandamiza magurudumu yanayovuta, yasiteleze. Hasara yake naijua kwa mikono yangu ingawa sijawahi kupanda treni ya mvuke: maji yaliyokalia boila yanapata moto, na injekta, kile kidude kinachosukuma maji kuingia boila kwa nguvu ya mvuke wenyewe, hakipendi maji ya moto. Yakizidi joto kinatema. Mwenye zamu anabaki anatazama kioo cha maji kinashuka huku jasho linamtoka, na siyo la jua.

Kwa wasiojua: dari ya tanuri lazima ifunikwe na maji muda wote. Kwenye hiyo dari kuna plagi yenye risasi ndani, ile metali laini, siyo ya bunduki. Maji yakishuka mpaka dari ikabaki uchi, risasi inayeyuka na mvuke unamwagika kwenye moto, angalau kila mtu ajue mambo yameharibika kabla boila haijapasuka. Mimi nimeshaona plagi iliyoyeyuka mara moja tu. Zamu haikuwa yangu, nashukuru Mungu.

#7 BintiMikindani

Kaka Fundi, samahani nikurudishe nyuma. Reli nyembamba maana yake nini hasa? Chuma chenyewe ni chembamba au nafasi ya katikati? Mimi nimeona treni Dar tu, na zote naona sawa.

#8 FundiBoila

Dada, swali zuri. Ni nafasi kati ya reli na reli, inaitwa geji, inapimwa upande wa ndani. Kwa kawaida geji ikiwa ndogo na chuma nacho huwa chepesi.

Tanzania tuna zote za kukuchanganya. Reli ya Kati ya zamani ni mita 1 kamili. TAZARA ni milimita 1,067. SGR ni 1,435. Tofauti ya milimita 67 tu kati ya hizo mbili za kwanza inatosha treni isiweze kuvuka. Ndiyo maana pale Kidatu zinapokutana mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Na Kidatu penyewe ni nyumbani kwa sukari ya Kilombero, basi naona kama pamekusudiwa kuwemo kwenye uzi huu.

Trangkil ilitumia milimita 750. Mashamba mengi ya mkonge ya Tanganyika yalitumia 600. Pima meza ya chakula nyumbani, upana wake unaweza kuzidi hiyo. Lakini ukiwa mdogo unaweza kukata kona kali, kupanda kilima bila kuchimba sana, na daraja lako likawa magogo manne.

#9 NangurukuruBoy

Sasa hicho kichwa kiko wapi? Bado kinavuta miwa?

#10 FundiBoila

Kilivuta takriban miaka 30. Mwaka 2004 kilirudishwa Uingereza na Graham Lee, mfanyabiashara aliyekuwa na reli yake ndogo shambani Statfold, karibu na Tamworth. Kampuni yake, LH Group, ndiyo iliyokuja kuimiliki Hunslet yenyewe. Kwa hiyo mtoto wa mwisho akarudi mikononi mwa mtu aliyekuja kumiliki jina la mzazi.

Ila reli ya Statfold ilikuwa milimita 610, na kichwa ni 750. Mkuu Skrepa, wewe ungefanyaje? Hukati kichwa katikati. Unasogeza magurudumu kuingia ndani, kila upande sentimita 7, halafu vyote vinavyoyagusa vinakudai: breki, fito, fremu. Kwenye karatasi ni mstari mmoja, karakanani ni miezi.

Kikawashwa moto tena, kikatembea, watu wakapanda. Pale pale kuna na Sragi Na. 1, cha kiwanda kingine cha sukari cha Java, kimejengwa na Krauss wa Ujerumani mwaka 1899. Umri wao umepishana miaka 72. Kiwashe hiki na kile, mpe moto mchochezi yuleyule, hatahitaji kufundishwa upya.

Sasa maoni yangu, na anayetaka apinge. Wanaoandika wanasema kimeokolewa mwaka 2004. Mimi naona kiliokolewa mapema zaidi, kila asubuhi miwa ilipokuwa inakingoja. Vile vya Uingereza vilivyokatwa vilikuwa na wapenzi wengi kuliko hiki, watu walilia stesheni wakavipiga picha. Havikuwa na mzigo. Chuma kisicho na mzigo kinaanza kuitwa kwa kilo.

#11 FundiBoila

Sasa swali langu la Kusini.

Shule niliyosoma iko upande wa Mingoyo, Lindi. Kengele yake ni kipande cha reli kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mwembe, kinagongwa na nati kubwa. Kimekuwepo tangu mama yangu anasoma. Mjomba wangu, na kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno, ametuambia siku zote kwamba ni reli ya treni ya karanga ya Waingereza. Nami nimelisema hilo kwa watu maisha yangu yote.

Maswali mawili. Je, ni kweli? Na kwa nini Java wana vichwa vya kurudisha Ulaya, na sisi tuliokuwa na treni hapa hatuna hata kimoja cha kuwekea watoto wapande?

#12 MwalimuMstaafu_Nachi

Vijana wangu, nimesoma uzi wote kwa miwani na bila miwani. Nitajibu la pili kwanza, maana la kwanza linahitaji futi.

Mpango wa Karanga ulianza 1947. Serikali ya Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ikatamani kulima ekari zaidi ya milioni 3 Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Walikuja na matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji, karanga ziko chini na huzitoi. Januari 1951 wakaufuta, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36.

Kwa ajili ya mpango huo huo ndiyo ikajengwa bandari ya Mtwara ya kina kirefu na reli ya Kusini. Reli ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949, kwa sababu bandari ya Mtwara ilikuwa haijawa tayari. Mtwara ikaunganishwa baadaye, 1954. Mnaona tarehe hizo? Karanga zimefutwa 1951, njia ya bandarini inafika 1954. Mzigo ulikufa kabla ya reli kukamilika. Haya ya Fundi kuhusu mzigo nayaunga mkono kwa mikono miwili.

Ikabaki inabeba kidogo kidogo, korosho na mazao mengine ya wakulima. Haikuwa imeungwa na reli nyingine yoyote nchini, ilikuwa kama kisiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 iling'olewa. Ilikuwa geji ya mita, ileile ya Reli ya Kati, kwa hiyo chochote kilichofaa kilikuwa na pa kwenda. Hapo ndipo tofauti yetu na Java. Kichwa cha kiwanda cha sukari, geji yake ya ajabu, kilibaki shambani kwake kwa kuwa hakifai popote pengine. Chetu kilifaa kila mahali, ndiyo maana hakikubaki hapa.

Wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walipoweka kambi yao ya mafunzo Nachingwea, katikati ya miaka ya 1960, reli ilikwisha kuwa hadithi. Mizigo yao ilikuja kwa lori, na barabara hiyo nisiizungumzie, nina shinikizo la damu.

Sasa kengele. Mjomba wako nampa heshima yake, lakini usiniambie ni reli ya karanga mpaka uipime. Reli ya treni kubwa ya geji ya mita ina kimo cha sentimita 10 au 11 toka chini mpaka juu. Reli ya toroli, vile vibehewa vidogo vya mashambani, ni sentimita 6 mpaka 8 tu. Pima kimo. Kisha sugua kiuno chake, ule ubavu mwembamba wa katikati, kwa brashi ya waya: reli nyingi zina herufi zilizovimba, jina la aliyeitengeneza na mwaka.

#13 BintiMikindani

Shikamoo Mwalimu. Hivi kama vichwa vya Afrika Mashariki viliondoka, kuna hata kimoja kilichohifadhiwa popote?

#14 MwalimuMstaafu_Nachi

Marahaba mwanangu. Vipo, Nairobi. Makumbusho ya Reli yalifunguliwa pale 1971, mwaka uleule wa Trangkil ya Fundi. Nilifika siku moja nikiwa kazini bado. Kipo kichwa kinaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida. Kipo Mount Gelai, mlima wa kwetu Arusha. Kipo Mount Shengena, mlima wa Upareni. Hivyo viwili vya milima ni Garratt za darasa la 59, vichwa vyenye injini mbili, moja mbele na moja nyuma ya boila, zilijengwa 34 tu na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, kila kimoja tani 252, vizito kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye geji ya mita.

Nilisimama pale nikasoma majina matatu ya Tanzania kwenye uwanja wa Kenya. Walinzi walidhani nimepotea.

#15 SkrepaMjini

Mwalimu shikamoo. Naomba na mimi nijitetee kidogo maana naona kila mtu ananisema bila kunitaja.

Watu wanadhani sisi wa skrepa tunakula historia. Upepo wa bahari unakula zaidi. Nimeona gurudumu la toroli ufukweni limekuwa kama andazi, ukilishika linameguka. Nikilinunua mimi, kesho ni nondo kwenye nyumba ya mtu. Na nikwambieni siri ya kazi: reli ni chuma kigumu, mafundi wa kufua wanakitaka kwa ajili ya fuawe, lakini kukikata ni kazi ya gesi nyingi. Kipande kirefu hakina faida. Kifupi cha kama futi tatu, hicho ndicho.

Sasa niungame. Mwaka juzi nilipita shule moja upande wa Mingoyo, nikaona kipande kwenye mwembe. Nikamwambia mwalimu mkuu nampa kengele mpya ya shaba na pesa ya chaki. Akaniuliza jina la mama yangu. Nilipojibu, akasema basi nenda kamuulize kama amesahau kile kilichomwita darasani.

#16 FundiBoila

KUMBE NI WEWE. Mwaka mzima kijijini tunatafuta ni nani alitaka kununua kengele.

#17 SkrepaMjini

Mkuu tulia, sikununua.

#18 MtotoWaMkonge

Napita kimya siku zote ila hapa nimeguswa. Kabla hamjapima, kumbukeni mkonge. Babu yangu alikata mkonge ng'ambo ya Lindi, upande wa Kitunda. Jani la mkonge ni maji na majimaji ya kijani, nyuzi zenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Yaani kupata kilo 4 za katani unasafirisha kilo 100 mpaka kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani. Na jani nalo halisubiri, likinyauka kukwangua kunakuwa shida. Ni mambo yaleyale ya muwa anayosema Fundi. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na reli yake ya sentimita 60, vitoroli vinasukumwa au vinavutwa.

Babu alisema hakuchukia kukata. Alichukia kusukuma toroli tupu kurudi kondeni, kwa sababu lililojaa huteremka lenyewe kuelekea pwani.

Na Mingoyo ilikuwa na reli ya toroli hata kabla ya hapo. Waingereza waliposonga toka Lindi mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza, kumfuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kabla ya ile vita kubwa ya Mahiwa mwezi Oktoba, njia ya toroli iliyotoka Mingoyo kwenda bara ndiyo waliyoandamana nayo.

#19 NangurukuruBoy

Fundi pima hiyo kengele sasa, tumeshindwa kulala.

#20 BintiMikindani

Na picha! Uzi bila picha ni hotuba.

#21 FundiBoila

Wakuu, nimetoka huko leo. Nilikodi bodaboda toka Mnazi Mmoja, nimebeba futi ya chuma, brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa.

Mwalimu mkuu alinitazama mikono kwanza. Nikamwambia mimi siyo wa skrepa, ni mwanafunzi wake wa zamani, darasa la nne alinichapa kwa sababu ya ramani ya Afrika. Akakumbuka ramani. Akanipa kiti cha kukanyagia.

Kimo: milimita 65. Nimepima mara tatu, sehemu tatu tofauti, maana sehemu ya juu ya reli imelika upande mmoja. Upana wa kitako ni kama huo huo. Kinabebeka na mtu mmoja, nimejaribu, mgongo unaniambia sasa hivi.

Kwa hiyo Mwalimu yuko sahihi, siyo treni ya karanga. Ni ya toroli. Kama ni ya mkonge au ya vita sijaweza kujua, kwa sababu herufi zimeliwa. Nimesugua nusu saa nikapata tarakimu moja tu, 1, na mbele yake ni kovu. Kilichobaki kimepigwa na nati vizazi vitatu pale pale kwenye maandishi. Wangekigonga upande wa pili tungejua.

Lakini nilipokishika ndipo nilipocheka peke yangu. Wiki zote hizi natazama kichwa cha Java kinapita kwenye reli nyepesi, najiambia huko ni kwa watu. Kumbe kitu cha jamii ileile kilinitoa kitandani miaka saba.

Nilikwenda kumwambia mjomba. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Basi hiyo futi yako ni fupi." Sijabishana naye.

Picha zinafuata, nimezituma kwa Binti azipunguze ukubwa.

#22 MwalimuMstaafu_Nachi

Milimita 65. Nimefurahi kuliko mnavyodhani. Sasa, Fundi, pima na matundu ya bolti kama yapo, umbali wa tundu toka ncha. Kipande chenye matundu mawili ni cha mwisho wa reli, na hapo huenda herufi nyingine zipo upande wa ndani ambako nati haifiki.

#23 FundiBoila

Mwalimu, matundu yapo. Moja ndilo lililopitishwa mnyororo. La pili limezibwa na kiota cha nyuki wadogo. Nilitaka kuchokonoa, mwalimu wa zamu akaniambia nishuke kwenye kiti, saa nne imefika. Akachukua nati, akagonga mara tano nikiwa nimesimama chini yake, mpaka sasa sikio la kushoto linalia.

#24 SkrepaMjini

Mwambie mwalimu mkuu ofa nimefuta. Ila hiyo nati ni ya nini? Kwa maelezo yako hiyo siyo ya toroli. Hiyo inaweza kuwa ya karanga.